Kabla ya Kununua Ekari Tana River

Matangazo ya ardhi ya bei nafuu katika kaunti kame yamejaa kwenye simu zetu watu wa Mombasa. Picha ni ile ile: udongo mwekundu, mgunga mmoja, kigingi chenye nambari. Muuzaji anakuhakikishia kwamba hapo ndipo mtu anapojitegemea. Jua la bure, nafasi ya kufuga, kisima chako mwenyewe, bili za maji na umeme unazisahau, na siku mambo yakiharibika mjini una pa kukimbilia na watoto. Kaunti inayotajwa sana ni Tana River, maana kwetu ni jirani wa jirani: unapita Kilifi, unapita Malindi, na ukifika Garsen umeshaingia. Dada yangu ameolewa na Mpokomo wa huko kwenye delta, kwa hivyo mimi huenda, hulala, na huuliza. Na wanaotaka kununua huja kuniuliza mimi.

Siwacheki wanaoogopa. Maji ya mifereji yetu yanatoka mbali: Chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, bomba la kilomita kama 220, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Ya Mzima hushuka yenyewe, lakini ya Baricho husukumwa kwa umeme, na umeme ukizimika nchi nzima kama ulivyozimika Agosti 25, 2023, mtu wa ghorofa ya tatu huanza kuhesabu mitungi. Viazi na vitunguu vya soko la Kongowea hutoka bara kwa malori. Samaki na nazi tunazo, lakini hazitoshi kulisha mji huu hata wiki chache. Anayetafuta mahali pa pili ana akili timamu. Kinachonisumbua ni vipimo anavyotumia kupachagua.

Watu huipima kaunti kame kwa ekari na bei. Mimi naipima kwa mambo mawili: mwaka wake mbaya unafananaje, na katika mwaka huo nani ana haki ya kunywesha wapi.

Nianze na mvua, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na wanunuzi wengi hawaipigi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, umepata lita moja. Chukua nyumba ya paa la mita 60 za mraba. Sehemu kubwa ya Tana River, ukiacha delta na ukanda wa baharini, hupata kati ya milimita 300 na 500 kwa mwaka. Tuseme 350. Paa lako limepokea lita 21,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka nje ya gata, yanayovuja, na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Zimebaki 16,800. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kutawadha, kuoga kwa kopo na kuosha vyombo, wanahitaji lita 120 kwa siku, ambazo ni 43,800 kwa mwaka. Maji ya paa lako yanakufikisha siku 140. Zimebaki siku 225, na bado hatujawanywesha mbuzi. Mbuzi kumi peke yao watakunywa kama lita 50 kila siku ya joto.

Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kawaida. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba au imekosa kabisa kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa nchini, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Pale Mombasa ukikosa mvua unanunua maji ya mkokoteni. Kule, msimu wa tatu ukishakosa, mwenye mkokoteni naye hana pa kuteka.

Muuzaji atakwambia chimba silanga, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya mvua. Silanga ni jambo zuri, lakini jua la Tana River lina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Silanga ya kina cha mita mbili inaweza kukauka bila ng'ombe hata mmoja kuinamisha kichwa. Akikwambia basi chimba kisima, jua kwamba ukienda mbali na mto maji ya ardhini mara nyingi ni ya chumvi. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda kwenye kisima kilicho karibu na hicho kiwanja mwezi wa Februari, mwisho wa kaskazi, uonje maji yake. Kisha chukua chupa moja upeleke maabara yapimwe. Muuzaji anayekuzuia kwenda Februari na kukuita Mei, nyasi zikiwa kijani, ameshakujibu.

"Lakini si kuna mto?" Hapa ndipo kila mtu hufika, na hapa ndipo pana mambo.

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kama kilomita 1,000. Maji yake hayatokani na mvua ya Tana River. Yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanapita kwenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yanashuka kwenye tambarare kavu. Kwa hivyo mtu wa mji wa Hola anaweza kuamka asubuhi, mbingu nyeupe, hakuna wingu, na mto uko mlangoni. Mafuriko ya 1961 bado yanasimuliwa. Ya 1997 na 1998 wengi wetu tunayakumbuka. Kisha 2018, kisha mwisho wa 2023, kisha 2024. Kaunti hii hii inayoomba maji ya malori mwaka mmoja, mwaka unaofuata inaomba mahema.

Tena mto wenyewe huhama. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanzishwa tangu enzi za mkoloni, ulikwama mwaka 1989 mto ulipobadili njia na kuiacha mashine ya kuvutia maji mahali pakavu. Mradi wa Bura, juu kidogo, ulijengwa kwa fedha nyingi mno, na kwa miaka mingi ulitegemea pampu za dizeli: dizeli ikikosekana, pamba na mahindi vilikauka huku mto ukipita. Ile ilikuwa serikali, yenye wahandisi na wafadhili. Wewe unakwenda na pampu ya kukodi na matumaini.

Baba mkwe wa dada yangu alinitembeza siku moja nyuma ya kijiji chao. Akanionyesha mstari wa miembe mikubwa, imesimama katikati ya mbuga, mbali na maji.

"Waiona hiyo?"

"Naiona, baba."

"Hapo ndipo ukingo ulipokuwa. Wazee walipanda ukingoni. Mto ukaenda zake, miembe ikabaki."

Nikamuuliza sasa shamba lake liko wapi. Akaniangalia kama sijaelewa. "Lipi?" Ana kipande ukingoni, cha migomba na miembe. Ana kingine bondeni, anakopanda mpunga maji yakishuka. Ana kingine juu, mahindi na pojo, cha kubahatisha mvua. Wanawe wanavua kambare na kamongo kwenye madimbwi yanayobaki. Mwaka wowote, vipande viwili vinaweza kumtupa na kimoja kikamlisha. Ukimwambia auze vyote anunue ekari tano zilizo pamoja, zenye ua, atadhani umepungukiwa.

Waorma wanaofuga kwenye mbuga hizo hizo wamejipanga kwa njia yao. Ng'ombe wachache wa maziwa hubaki nyumbani na wazee na watoto, kundi kubwa huenda mbali na vijana, likifuata nyasi. Aina yao ya ng'ombe, Orma Boran, inajulikana kwa kustahimili nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kuliko ng'ombe wengi, kwa hivyo wanaweza kushuka kwenye vichaka vya delta vyenye mbung'o wakati wa kiangazi. Mtu mwenye mali huwagawa wanyama wake mikononi mwa ndugu na marafiki, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, mwingine usalie. Aliyepoteza wote hupewa wa kuanzia.

Nimekaa na pande zote mbili, na kinachonigusa ni kwamba hakuna hata mmoja anayejitegemea kwa maana ya yale matangazo. Wamesalimika katika nchi ngumu kwa karne nyingi kwa kuhamahama na kwa kudaiana. Mmoja anamdai mwingine maziwa, mwingine anamdai samaki, huyu ana haki ya kupita, yule ana haki ya kulima. Matangazo yanakuuzia kinyume chake: mtu mmoja, mahali pamoja, ua kuzunguka.

Na ua ndio wenye hatari zaidi. Wafugaji hushuka mtoni kunywesha kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Kwenye picha ya setilaiti si rahisi mgeni kuitambua malka. Ni kipande cha ukingo kama vingine. Wakati wa masika hakuna anayekipita, na mgeni atakiona ni kiwanja kitupu chenye maji, bahati ya ajabu. Ataweka nguzo na seng'enge. Kiangazi kikifika, makundi yanatokea kutoka siku tatu nyuma, ng'ombe wanasikia harufu ya maji, na mbele yao pana seng'enge. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma kwenye delta yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Siasa ilichangia, hilo halifichiki. Lakini kuni zilizokuwa zikingoja moto zilikuwa hizo: malisho, mashamba, na njia ya kufikia maji. Nilizika hamu ya kununua kipande ukingoni nilipoelewa hilo. Kusema hukujua kwamba umefunga malka hakumrudishii ng'ombe uhai, wala mtu.

Upande wa sheria nao unataka macho. Ardhi nyingi ya kaunti hiyo ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa iko chini ya uangalizi wa serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Karatasi ya makubaliano iliyopigwa muhuri na mtu aliyeketi chini ya mwembe haikupi hati. Nenda ofisi ya ardhi, tafuta rekodi, kisha zungumza na wazee wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji, bila muuzaji kuwepo. Wakitofautiana kuhusu kiwanja hicho, umeokoa pesa zako.

Mengine nitayapita haraka. Jua lipo kweli, na kwa taa, simu, redio na jokofu dogo paneli zinatosha. Hapo wauzaji hawadanganyi. Kuni zipo, kwa sababu ya mathenge, ule mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na sasa umevamia mashamba na njia. Makaa yake ni mazuri na miiba yake hutoboa tairi. Malaria ni ya kawaida. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, Tana River ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyopata wagonjwa, na ugonjwa huo humfikia mtu kupitia mifugo na mbu, yaani kupitia maisha yale yale uliyoyafuata. Mwenye mgonjwa wa kisukari au mama mjamzito nyumbani aanze kwa kupima umbali wa hospitali kabla ya kitu kingine.

Kisha kuna jambo la kufika. Mahali pa kukimbilia pana maana kama unaweza kukimbia. Aprili 8, 2020, safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa kwa sababu ya korona, na kwa Mombasa zuio likaendelea hadi mwanzo wa Julai. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa ndani ya mji uliofungwa. Aliyekuwa na ekari zake Tana River alizitazama kwenye simu. Novemba 2023 dharura ilikuwa mvua, na barabara kuu ya Malindi ikafungwa kwenye daraja la Mbogolo. Upande wa juu, karibu na Garissa, mto ukaikata barabara ya Madogo. Na wakati huo nani angetaka kwenda Tana River? Watu wa huko ndio waliokuwa wakitafuta pa kukimbilia. Dharura mbili kubwa za miaka ya karibuni, na mara zote mbili ile hifadhi ilikuwa ama haifikiki au ndiyo iliyokuwa ikizama.

Basi hukumu yangu ni hii, na naisema kwa kuipenda kaunti hiyo. Kwa mtu aliye na udugu huko, anayejulikana kwenye malka na malisho, mwenye vipande vyake mahali tofauti, Tana River ni nchi inayoweza kumlisha na kumbeba. Kwa mgeni mwenye ekari tano na ua, ni mahali pabaya pa kuweka usalama wa watoto wake. Ikiwa lazima ununue, kusini ya Kwale, upande wa Msambweni, mvua hupita milimita 1,000, muhogo na mnazi havikusumbui, na Wadigo watakufundisha kama una adabu. Bei ni kubwa zaidi. Ina sababu.

Mimi na mke wangu hatukununua. Mbuzi wetu wachache wako kwa shemeji, pamoja na wake, na wakizaa tunagawana kwa desturi yao. Mtoto wake wa kiume anasoma hapa Mombasa, analala chumba kimoja na wanangu, na karo tunaichanga. Mafuriko yalipowatoa nyumbani, dada yangu na watoto wadogo walikuja kwetu wakakaa mpaka maji yaliposhuka. Tumepata mahali pa pili, nao wamepata. Hakuna aliyetia saini.

Zile pesa za kiwanja tumeanza kuzipeleka juu ya vichwa vyetu, kwenye paa. Rudia ile hesabu ukiwa hapa. Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, mara nyingi zaidi. Paa lile lile la mita 60 linakupa lita 48,000 baada ya kutoa sehemu ya tano, nayo ile familia ya watu sita ilihitaji 43,800. Kipindi kigumu ni Januari hadi Machi, siku kama 90, na tangi la lita 10,000 linakaribia kukivusha. Tunasafiri kilomita mia mbili kwenda kutafuta maji katika nchi ya milimita 350, na milimita 1,000 zinateremka kwenye mabati yetu, zinapita uchochoroni, zinaingia baharini zikiwa zimebeba taka.

Waliotutangulia hawakuziacha. Nyumba na misikiti ya Mji wa Kale ilikuwa na visima na mabirika. Ndani ya Fort Jesus lipo birika la kukinga mvua, kwa kuwa maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvi. Waomani walipoizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko mizinga. Visima vya mji siku hizi nisingevitegemea kwa kunywa; jiwe la matumbawe hupitisha maji upesi, na vyoo viko karibu mno. Mvua iliyokingwa vizuri, ya mwanzo ikamwagwa, tangi likafunikwa mbu wasiingie na maji yakatiwa dawa, ni salama kuliko hivyo.

Najua wengi wetu ni wapangaji na paa ni la mwenye nyumba. Piga hesabu hata hivyo. Nyumba ya Kiswahili ya paa la mita 150, yenye wapangaji 24, inaweza kukinga lita 120,000 kwa mwaka. Kwa lita 20 kwa mtu, hizo ni siku 250, watu wote 24. Ni zaidi ya siku 140 za yule mwenye nyumba yake peke yake jangwani. Kinachotakiwa ni mwenye nyumba kukubali gata na birika moja la pamoja uani, na wapangaji kukubaliana zamu na kufuli. Na msikiti wenye paa la mita 400 unaweza kukinga lita 320,000. Nimelipeleka jambo hilo kwenye kamati ya msikiti wa mtaa wetu. Wamekubali gata zipimwe kabla ya masika, na fundi ameshaitwa. Kilichobaki ni kuamua birika lichimbwe upande wa kutawadhia au upande wa barabara, ambako majirani wasio Waislamu pia watateka bila kusita. Mimi nasimama na upande wa barabara.